Kisiwa kianze na nini, kivuko au mnara? Hela ya ruzuku inaenda wapi hasa

#1 Mjumbe_wa_Bara
Wakuu salaam. Nina hoja moja najua itaudhi baadhi ila naomba tujibizane kwa hoja. Kila bajeti tunasikia kivuko kipya, ukarabati wa kivuko, gati jipya, mara Ukerewe, mara Mafia, mara Kome. Upande wa pili kuna ule Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF) unaolipia minara sehemu ambazo kampuni za simu haziendi zenyewe. Mimi nasema hivi: visiwa vidogo vipewe mnara wa 4G kwanza, kivuko baadaye au kisiwepo kabisa, boti za watu binafsi zinatosha.

Sababu yangu: safari nyingi za mtu wa kisiwani ni za kufuata karatasi au taarifa. Anaenda wilayani kwa ajili ya cheti cha kuzaliwa, kijana anaenda kujaza fomu ya mkopo wa chuo, mvuvi anaenda kujua bei, mama anaenda kutoa hela aliyotumiwa. Yote hayo leo yanaisha kwenye simu. Mnara haunywi dizeli, hauna nahodha wa kulipwa na hauzami. Tumeshazika watu wangapi majini? Nawasilisha.

#2 Bwana_Utani
Nimevuta kiti mbele kabisa. Mkuu, ziwa umeliona kwa macho au kwenye ramani ya darasa la nne?

#3 Mkerewe_wa_Nansio
Mleta uzi, mama akishikwa uchungu saa nane usiku tumdaunlodie mkunga?

Safari za karatasi zipo kweli lakini hazifiki hata nusu ya kinachovuka maji. Kinachovuka ni dagaa, mahindi, saruji, kreti za soda, mbuzi, wanafunzi wa bweni na majeneza pia. Wilaya yetu ina visiwa 38, si vyote vina watu ila vyenye watu vinaishi kwa kuvusha vitu, 4G haibebi gunia. Na hizo boti unazosema zinatosha, njoo upepo ukiwa umechafuka uone zinatosha nini.

#4 Fundi_Masafa
Mimi ni fundi wa minara, nimefanya saiti za ziwani na za pwani. Mleta uzi hapo kwenye "mnara haunywi dizeli" umetupiga kamba. Mnara wa kisiwa ambacho hakina gridi ndo mlevi wa dizeli namba moja. Jenereta inaunguruma, dizeli inapelekwa kwa boti, inashushwa mwaloni kwa madumu, inapandishwa mlimani kwa bodaboda kama ipo au kichwani, na njiani inapungua, sisemi nani anaipunguza. Siku hizi saiti nyingi tunafunga sola na betri ila betri nazo zinaibiwa zikaendeshe taa za kuvulia dagaa.

Kingine watu wa bara hamkijui, kupitisha mawimbi juu ya maji ni shughuli. Mnara wa kisiwani unapokea mawasiliano kutoka mnara wa bara kwa lile dishi la mviringo mnaloliona. Juu ya ardhi hakuna shida sana. Juu ya maji mawimbi yanaakisiwa na uso wa maji, moja linakuja moja kwa moja lingine linakuja limedunda, yakikutana vibaya yanauana. Ndo maana unakuta saa fulani mtandao uko vizuri, saa nyingine unayumba, baadaye unarudi. Dawa yake ni kufunga madishi mawili kwa urefu tofauti kwenye mnara huohuo, lakini hiyo ni gharama juu ya gharama na kwa wateja mia chache kampuni inaona bora wavumilie.

Kwa hiyo kivuko kina dizeli na mnara una dizeli. Na dizeli ya mnara inapanda boti. Fikiria hapo.

#5 Bwana_Utani
Kwa maana hiyo #1 anataka tuondoe kivuko ili mnara ufe njaa. Safi sana, endeleeni.

#6 Kijana_wa_Kirumba
Mleta uzi ana point kwenye usalama jamani tusimcheke tu. MV Nyerere pale Ukara 2018 walikufa watu 136 kwa sababu ya kivuko kibovu cha serikali. Kama serikali haiwezi kuendesha iache.

#7 Mzee_wa_Gati
#6 kijana, 136 ni hesabu ya siku za mwanzo wakati bado wanaopoa. Hesabu ya mwisho ni 228, na walionusurika 41. Ilikuwa Alhamisi tarehe 20 Septemba, kinatoka Bugolora kwenda Ukara, kikapinduka gati la Bwisya likiwa linaonekana kabisa. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Hesabu mwenyewe.

Na siku ile kilichoua ni kujaza. Bugolora ilikuwa siku ya gulio, watu wanarudi na mizigo, kivuko ni kimoja, usipopanda hicho unalala upande wa pili. Watu wanasema abiria wetu hawana nidhamu, wanajazana kama hawapendi roho zao. Mimi nimefanya kazi kwenye gati miaka mingi, nakwambia mtu akijua kuna safari nyingine baada ya saa moja hajazani, anakaa pembeni anakunywa uji. Safari zikiwa chache ndo unaona wanarukia. Kwa hiyo usalama na ratiba ni kitu kimoja, na ratiba inahitaji hela ya mafuta na ya mabaharia kila siku ya Mungu, si hela ya kukata utepe.

#8 Mchumi_Mtaani
Shikamoo mzee #7, umefungua mlango nilikuwa nautafuta.

Ruzuku ziko za aina mbili tatu na hapa kwetu tunazichanganya. Kuna ruzuku ya kununua, serikali inanunua chombo au inachangia mnara, hiyo inatoka mara moja na ina picha nzuri gazetini. Kuna ruzuku ya kuendesha, yaani kila mwaka unafidia hasara kwa sababu nauli haiwezi kulipa gharama. Halafu kuna ruzuku anayopewa abiria mwenyewe, kama Hispania, mkazi wa visiwa vya Canary au Balearic anapata punguzo la asilimia 75 kwenye tiketi ya ndege ya ndani tangu 2018. Huko nako kuna malalamiko kwamba mashirika yanapandisha bei kwa sababu yanajua serikali ndo inalipa kubwa.

Scotland walikwenda njia nyingine, tangu 2008 walianza kwa majaribio nauli ya meli kwa umbali inayolingana na gharama ya kuendesha gari umbali huohuo barabarani, kufika 2015 ikasambaa kwa visiwa vyote vya pwani ya magharibi. Wazo zuri sana, maji yahesabiwe kama barabara. Kilichotokea nauli ikashuka, watalii wakajaa na magari yao, mkazi wa kisiwa akawa hapati nafasi kwenye meli ya kwao.

Sisi tumesimama sana kwenye ile ya kwanza. Tunanunua.

#9 Mjumbe_wa_Bara
#8 asante, sasa huoni unanisaidia? Kama kivuko kinahitaji hela kila mwaka milele na mnara unachangiwa mara moja, basi mnara ni nafuu.

Na #3 hiyo ya mkunga nilijua itakuja, ni hoja ya kulia. Na boti ya wagonjwa je? Kwanini iwe lazima kivuko cha tani kadhaa kwa ajili ya mgonjwa mmoja?

#10 Dada_wa_Kilindoni
Hoja ya kulia? Haya.

Mimi ni nesi, nimefanya kazi kisiwa kidogo ambacho sikitaji. Boti ya wagonjwa ilikuwepo, nzuri tu, ya msaada, imeandikwa ubavuni. Ilikuwa haina mafuta. Ndugu wa mgonjwa wanachangishana mafuta, nahodha anatafutwa, mgonjwa amelala kwenye mkeka wanabishana nani anayo hela taslimu kwa sababu wakala hana floti. Na mtandao nao unazunguka huwezi kumpigia daktari wa upande wa pili ajiandae. Yaani vyote viwili vinakosekana kwa wakati mmoja, hamna cha kianze hiki kifuate kile.

Ila nitakubaliana na wewe sehemu moja. Kukiwa na mtandao nilikuwa natuma picha ya kidonda au kipimo kwa daktari, ananiambia huyu mtibu hapohapo au huyu mlete haraka. Safari nyingi zilifutwa hivyo. Zilizobaki zilikuwa za lazima, na za lazima ndo zinahitaji chombo kikubwa maana bahari haichagui siku ya mgonjwa.

#11 Mpemba_Mtulivu
Asalaam alaykum. Naona mnazungumzia ziwa tu, na sie wa baharini tupo. Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, mwaka uliofuata Julai 2012 ikafuata MV Skagit ikitokea Dar. Hizo hazikuwa za serikali. Baada ya misiba hiyo SMZ ikaleta MV Mapinduzi II mwishoni mwa 2015, meli mpya kutoka Korea Kusini. Kwa hiyo huyo anayesema tuachie watu binafsi, sie tulishaachia na tulichokipata twakijua.

Lakini nami nasema haki, boti ziendazo kasi za mtu binafsi kati ya Unguja na Dar zinafanya kazi vizuri na hazili senti ya ruzuku. Njia yenye abiria haina haja ya msaada. Njia ya Pemba ina abiria wachache zaidi, hapo ndipo pa kuangalia.

#12 Bwana_Utani
Mpemba ameongea mistari michache tu na ana akili kuliko uzi mzima mpaka sasa. Mchumi jifunze.

#13 Mwenye_Boti_Tatu
Nimesoma kimya ila #9 na #11 mmenigusa. Mimi ni mmiliki wa boti za mbao, ziwani, abiria na mizigo. Ukweli ambao hamuusemi: serikali ikileta kivuko chenye nauli ya chini, sisi njia hiyo tunahama. Nauli yangu inalipa petroli, injini, vijana, leseni na ukaguzi wa TASAC, wale wa serikali wanaosimamia vyombo vya majini. Siwezi kushindana na chombo ambacho kikipata hasara kuna mtu Dodoma anajaza. Sawa, tumehama. Kivuko kinafanya kazi miezi, kinaharibika, kinapelekwa kwenye chelezo kutengenezwa, na sisi tumeshauza injini. Wananchi wanabaki hawana kivuko hawana boti. Hapo ndo mitumbwi ya kuvulia inaanza kubeba abiria bila boya hata moja.

Kwanini hiyo ruzuku wasitangaze zabuni, wakasema njia fulani inahitaji safari kadhaa kwa siku, chombo cha viwango hivi, nani atafanya kwa fidia ndogo kuliko wenzake? Minara wanafanya hivyohivyo, kwanini maji hapana?

#14 Kijana_wa_Kirumba
Hahaha mwenye boti anataka ruzuku na yeye. Mzee mnajulikana nyie, ndo mnaohonga mafundi kivuko kisitengenezwe. Kila mtu mwaloni anajua.

#15 Mwenye_Boti_Tatu
#14 leta ushahidi au nyamaza. Pia ningekuwa na hela ya kuhonga nisingekuwa naendesha boti yenye injini ya mtumba.

#16 Fundi_Masafa
#13 yuko sahihi kuhusu zabuni za minara, niwaelezee maana #1 anaongea kama serikali ndo inajenga.

Mfuko huo wa UCSAF uliundwa na sheria ya 2006. Sehemu ya hela inatokana na tozo wanazolipa watoa huduma wenyewe, nyingine bajeti na mikopo kama huu mradi wa Tanzania ya Kidijitali wa Benki ya Dunia. Wanaorodhesha kata zisizo na huduma, kampuni zinaomba, anayetaka ruzuku ndogo zaidi ndo anashinda. Mkataba mkubwa ni ule wa Mei 2023 Dodoma mbele ya Rais Samia, minara 758 kwenye kata 713, ruzuku karibu bilioni 126 na kampuni zikaongeza zao mpaka jumla ikafika kama bilioni 265. Pamoja na hiyo kuna minara 304 ya zamani ilikuwa ya 2G tu, ikapangiwa kuongezewa 3G na 4G.

Tatizo la mfumo huo kwa kisiwa ni kwamba kata inaweza kuwa na kisiwa ndani yake. Mnara ukisimama upande wa kata ulio bara, kwenye makaratasi kata imefikiwa, kisiwa kinapata vijipande vya mtandao ukisimama juu ya jiwe. Na anayeomba ruzuku ndogo atatafuta pa kujengea rahisi, hiyo ni biashara.

#17 Mwalimu_Kisiwani
#16 hilo jiwe nalijua, tunaliita ofisi. Mimi ni mwalimu, kisiwa sitaji, halmashauri sitaji. Mfumo wa kujaza utendaji kazi wa watumishi ni wa mtandaoni, usipojaza una kesi ya kujibu. Kwa hiyo walimu tunapanda kilimani jioni kama tunaenda kuswali, kila mtu ameinua simu juu. Mvua ikinyesha hamna tathmini. Mwenzetu mmoja alitafuta boti akaenda mjini kwa ajili ya kujaza utendaji kazi, na siku hiyo hakufundisha. Nani amjazie hiyo?

Ndo maana siungi mkono #1 hata kidogo ingawa anaonekana anatutetea. Huduma za serikali zimehamia mtandaoni KABLA mtandao haujafika. Zamani karatasi ilikuja kwa boti ikachelewa lakini ilifika.

#18 Mkerewe_wa_Nansio
Mwalimu pole sana.

Mimi nina swali lingine. Kigongo–Busisi wameshajenga daraja la kilomita 3, limefunguliwa Juni 2025, zaidi ya bilioni 700. Kisorya na Rugezi pale, kati ya bara na Ukerewe yetu, tunavuka kwa kivuko kila siku. Kwanini sisi tusijengewe tumalizane na vivuko moja kwa moja? Na vile vivuko vilivyokuwa Busisi si vije huku, pale kulikuwa na MV Mwanza ile kubwa ya abiria 1,200.

#19 Mzee_wa_Gati
Unachanganya majina mwanangu. MV Mwanza ya Busisi ni kivuko cha TEMESA, wakala wa serikali wa vivuko, abiria 1,000 na magari 36. Ya abiria 1,200 na tani 400 za mizigo ni MV Mwanza Hapa Kazi Tu, hiyo ni meli, iliyoshushwa majini Februari 2023, ya masafa marefu ya ziwa. Huwezi kuileta Rugezi ikavushe bodaboda.

Na kivuko hakihamishwi kama meza. Kina kina chake cha maji, kina mlango wake wa kushusha magari ambao lazima ulingane na gati. Ukipeleka kikubwa kwenye gati dogo kitakaa nje kinapiga honi.

#20 Mjumbe_wa_Bara
Majina yanafanana kwa makusudi ili tusifuatilie. Tuendelee.

Bado sijajibiwa hesabu ya #8. Kivuko ni hasara ya kudumu. Nani atalipa hiyo hasara na mpaka lini?

#21 Mchumi_Mtaani
Barabara ya lami kutoka kwenu mpaka Dodoma inaleta faida gani mkuu? Kuna mtu analipa nauli ya kukanyaga lami? Serikali inaifanyia matengenezo kila mwaka na hakuna anayeiita hasara. Mtu wa kisiwani analipa kodi ya mafuta kwenye petroli ya boti kama wewe wa gari, halafu barabara yake ni maji na inaitwa hasara. Japani walilitungia sheria jambo hili tangu 1953, sheria ya maendeleo ya visiwa vya mbali, ikawa inaongezewa muda tangu hapo. Hawajawahi kuuliza mpaka lini.

#22 Jaluo_wa_Mbita
Hamjambo majirani. Huku Kenya feri ya Likoni mwenye miguu havuki kwa pesa, ni bure tangu zamani, magari ndio hulipa. Uganda nao pale Kalangala, feri ya Bukakata–Luuku ni bure kabisa, inaendeshwa na kampuni ya ubia na serikali inailipa. Kwa hivyo hiyo zabuni mwenye boti anaomba si ndoto, iko ng'ambo ya maji hapo. Lakini nauliza, kivuko kikiwa bure si ndio kila mtu atajaa? Likoni ukipita asubuhi utaona kichwa hakipumui.

#23 Kijana_wa_Kirumba
Kigamboni sisi tunalipa mia mbili na bado kunajaa, kwahiyo si suala la bure.

#24 Mvuvi_Mhamaji
Wote mnaongea kama kisiwani watu wamekaa sehemu moja. Mimi navua dagaa na sangara. Kambi leo iko kisiwa hiki, samaki wakihama kambi nzima inahama, mama lishe anahama, wakala wa hela anahama, mpaka fundi simu anahama. Nimeona mnara unajengwa sehemu tukiwa maelfu, unawashwa tumebaki watu wa kuhesabu. Na kisiwa tulichohamia hakuna kitu, kwenye vitabu kinasomeka pori. Ndo maana kampuni zinasema hakuna wateja, kivuko kinasema hakuna abiria. Wateja wapo, ni vitabu tu ndo vimekaa palepale.

Mtandao kwetu ni bei. Zamani dalali anakuja na bei yake kichwani, unakubali maana huna pa kuuliza. Sasa napiga simu soko la samaki la Kirumba, Mwanza, kwanza. Ila nikishajua bei nzuri iko Kirumba halafu sina chombo cha kunifikisha kabla samaki hajaharibika, nimejua ili iweje? Dalali ananiangalia anacheka. Barafu pia inakuja kwa boti wakuu.

#25 Bwana_Utani
#1 uko wapi? Mvuvi ameuliza swali.

#26 Mjumbe_wa_Bara
Nipo. Mvuvi anahitaji barafu na umeme, si kivuko. Kukiwa na umeme barafu inatengenezwa hapohapo. Kwa hiyo kumbe tatizo la kwanza ni umeme. Naongezea kwenye hoja yangu.

#27 Dada_wa_Kilindoni
Hahaha sasa amehamia umeme. Kesho atasema maji ya bomba.

#28 Fundi_Masafa
Kwa hilo la umeme hata hivyo hajakosea sana. Ukara kuna umeme wa sola wa kampuni binafsi tangu 2016. Mwanzoni bei ya yuniti ilikuwa mara kadhaa ya bei ya gridi, watu wakalalamika, serikali ikashusha bei kwa amri, kampuni nazo zikalalamika kwamba haziwezi kurudisha mtaji. Ni ugomvi uleule wa nauli ya kivuko, nani anafidia tofauti. Lakini pakiwa na umeme wa uhakika mnara unaacha dizeli na kila kitu kinakuwa rahisi.

#29 Mpemba_Mtulivu
Na hata ukiwa na kila kitu, waya mmoja ukikatika basi. Tonga Januari 2022 volkano ililipuka ikakata mkongo wao mmoja wa nje, wakakaa kama wiki tano bila mtandao wa maana, setilaiti ndiyo iliyowashika mkono. Nasi Mei 12, 2024 mikongo ya SEACOM na EASSy ilikatika siku moja nchi nzima ikayumba, na hapo nchi iko bara na ina mikongo zaidi ya mmoja. Kisiwa chenye dishi moja kinaomba dua tu.

#30 Kijana_wa_Kirumba
Si wafunge setilaiti basi, Kenya wana Starlink tangu 2023. Kila shule kisiwani kidishi kimoja, minara ya nini.

#31 Fundi_Masafa
Kwa shule na zahanati sawa, ni wazo. Kwa mvuvi aliye kwenye mtumbwi na simu ya vitufe hapana, hiyo inataka mnara. Pia kidishi kina bili kila mwezi. Nani analipa mradi ukiisha? Nimeona maabara za kompyuta zimefungwa kufuli kwa sababu kifurushi kimeisha na mwalimu mkuu hana fungu la kununua kingine.

#32 Mwalimu_Kisiwani
#31 usituseme jamani.

#33 Mzee_wa_Gati
Nasoma wachumi na mafundi mnazunguka palepale. Mtu ananunua ng'ombe wa maziwa, hatengi hela ya pumba wala ya dawa, akikauka analaumu ng'ombe. Chombo cha majini kinatakiwa kipandishwe kwenye chelezo kikaguliwe tumbo kwa ratiba, si kisubiri kuvuja. Kikipandishwa lazima kuwe na kingine cha kushika nafasi. Njia ngapi zina cha akiba? Ukinunua kivuko kimoja kwa kisiwa kimoja umenunua nusu ya kivuko.

Na msiseme ni sisi tu. Hao Scotland wa #8 waliagiza meli mbili mwaka 2015, ya kwanza imeanza kubeba abiria Januari 2025. Miaka kumi. Kiwanda kikafilisika katikati serikali ikakichukua.

#34 Bwana_Utani
Miaka kumi!! Kumbe tuko kwenye kundi la mataifa makubwa na hatujijui.

#35 Mkerewe_wa_Nansio
Mimi naona mnakwepa jambo moja, kura. Kisiwa chenye watu mia tano hakina diwani wake, sauti yake inamezwa na kata. Daraja la Busisi linapitisha magari ya mikoa na nchi jirani ndo maana likajengwa. Sisi tunakumbukwa kikizama.

#36 Mwenye_Boti_Tatu
Si kura tu. Mafia wana mbunge wao na jimbo lao na bado walivuka kwa boti za mbao miaka mingapi kabla ya kivuko cha MV Kilindoni?

#37 Dada_wa_Kilindoni
Mingi sana. Na MV Kilindoni tunashukuru, ila gati lake la upande wa bara, Nyamisati, liko kwenye mikono ya delta ya Rufiji, maji yakitoka unasubiri yajae. Hakuna ruzuku inayoweza kuhonga mwezi.

#38 Msimamizi
Nimeunganisha uzi mwingine wa nauli za vivuko na huu. Machapisho mawili ya matusi ya kikabila yamefutwa. Mjadala uendelee.

#39 Mchumi_Mtaani
Basi #13 tujibu kitu. Zabuni ya njia ikitangazwa, mkataba wa miaka mitano, faini kila safari isiyofanyika, utaomba? Kwa mbao au kwa chuma?

#40 Mwenye_Boti_Tatu
Kwa chuma siwezi peke yangu, benki haikopeshi boti, inakopesha nyumba. Wakinipa mkataba wa miaka mitano nikaupeleka benki, labda. Ila faini ya safari isiyofanyika siku ya upepo siitaki, hapo mtazamisha watu kwa kuogopa faini.

#41 Mzee_wa_Gati
Hapo #40 umesema neno la bahari. TASAC wakizuia vyombo kwa hali ya hewa siku hiyo isihesabiwe.

#42 Mjumbe_wa_Bara
Sijashawishika ila nimesoma zote. Nitaandaa uzi wa umeme visiwani wiki ijayo.

#43 Bwana_Utani
Andaa na jiwe la kusimamia.

#44 Mgeni_Mpya_26
Samahani kuingilia, kuna anayejua MV Kilindoni kesho inatoka Nyamisati saa ngapi? Nina mzigo wa mabati.

#45 Dada_wa_Kilindoni
Inategemea maji ya kesho. Ulizia palepale gatini leo jioni, na mabati yafunge vizuri, wanapima uzito kabla ya kupakia.